Kikomo ni cha Nani?

Naomba nianze na kosa langu, maana nikianza na falsafa utadhani mimi ni mtu mwema.

Mwaka 2016, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa kibarua kwenye duka moja la steshenari hapa Mbugani, Kyela. Kazi yangu ilikuwa kutoa fotokopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, na kuangalia mashine moja kuukuu iliyowekwa chini ya meza ya nyuma, karibu na ndoo ya maji. Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa seva. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512, feni yake inapiga kelele kama mashine ya kukoboa mpunga, na ndani yake ilikuwa Linux. Mafaili yote ya wachapaji yalihifadhiwa humo. Humo humo ikakaa programu ya kikundi kimoja cha wakulima wa kakao: mkulima akipima mzigo wake kituoni, karani anatuma ujumbe wa simu, programu inaandika kilo, kisha inamjibu mkulima kwa simu yake kwamba kilo zako ni kadhaa. Mambo ya kisasa kabisa.

Programu aliiandika binamu yangu aliyeko Dar es Salaam. Mimi namwita kaka, yeye ananiita dogo. Msimu ulipochanganya, programu ikaanza kufa. Kila siku ikigonga saa saba mchana, kimya. Ukiangalia kwenye kumbukumbu zake unakuta mstari mmoja unaosema mafaili yaliyo wazi ni mengi mno. Nikampigia kaka. Akacheka. "Dogo, hiyo ni limiti tu. We pandisha."

Nikapandisha. Hapo ndipo habari yangu inapoanza.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo, na anayejua anisamehe. Kwenye Linux na ukoo wote wa Unix, karibu kila kitu kinahesabiwa kama faili. Barua ni faili, kibodi ni faili, waya wa kuongea na mashine nyingine ni faili. Programu yoyote ikizaliwa inakuta mafaili matatu yamekwisha kufunguliwa kwa ajili yake, namba 0, 1 na 2: la kwanza ni sikio, la pili ni mdomo, la tatu ni mdomo wa kulalamikia. (Hilo la tatu lilinifurahisha sana nilipolijua. Nani mwingine duniani anazaliwa akiwa amepewa mdomo wa peke yake wa kulalamikia?) Kila faili jingine utakalofungua, kerneli, yaani kile kiini kinachotawala mashine nzima, inakupa namba kama kile kitikiti cha kuhifadhia begi. Ukimaliza unarudisha kitikiti. Usiporudisha, begi linakaa.

Sasa kerneli haikupi vitikiti bila hesabu. Kila programu ina vikomo viwili. Kimoja ni laini, na kwa miaka mingi kimekuwa 1,024. Hiki unaweza kukipandisha mwenyewe bila kumwomba mtu. Cha pili ni kigumu, na kwenye mashine yetu kilikuwa 4,096. Huwezi kukipita mpaka aje mwenye akaunti ya mzizi, yule mkuu wa mashine. Juu ya hivyo viwili kuna kikomo cha mashine nzima, cha watu wote kwa pamoja. Kerneli za wakati ule zilikikadiria zenyewe mashine ikiwashwa: faili moja lililo wazi linakula kama kilobaiti moja, na mafaili yote yasile zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kumbukumbu. Piga hesabu kwa megabaiti 512, unapata kama mafaili 52,000. Ndio uwanja wetu wote, wachapaji, kakao na mimi.

Programu ya kaka ilikuwa inafungua mafaili matatu kwa kila ujumbe na haifungi hata moja. Hakufanya kwa uvivu. Nilimuuliza baadaye, akasema aliyaweka kwenye orodha ili yakihitajika tena yawe tayari. Yawe tayari! Ujumbe 340 tu, ule wa kwanza mpaka wa adhuhuri, na 1,024 imekwisha. Nikaipeleka 4,096, ikaishi siku mbili na kitu. Kila ikifa mimi naiwasha tena, na ujumbe uliokuja katikati unapotea. Nikachoka. Mwenye duka alikuwa amenipa neno la siri la mzizi, kwa hiyo nikaingia kama mkuu, nikafungua lile faili la vikomo, nikaandika 65,535. Nikajiona mtaalamu. Sikujiuliza kwamba 65,535 ni kubwa kuliko mashine yenyewe. Nilimpa mtu mmoja ruhusa ya kula chakula kuliko kilichomo chunguni.

Ilichukua karibu wiki nne. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya malipo, saa nne asubuhi. Safari hii haikufa programu ya kakao. Dada mmoja aliyekuwa anachapa alibonyeza kuhifadhi, ikakataa. Mwenzake akajaribu kufungua barua, ikakataa. Wote wawili walikuwa na mafaili machache tu, hawajamkosea mtu. Mashine ikawa inasema mafaili ni mengi mno kwenye mfumo mzima, siyo kwa fulani.

Huo ndio mwanzo wa mawazo yangu, na naomba tuyafikirie pamoja. Kikomo kilipokuwa 1,024, mwenye kosa alikufa peke yake, saa saba mchana, na jirani zake wakaendelea kuchapa. Mimi nilikiona kile kikomo kama adui, kumbe kilikuwa ukuta kati ya nyumba ya mlevi na nyumba za watoto wanaolala. Nilipoubomoa sikumponya mlevi. Nilimfungulia mtaa mzima.

Naam. Lakini nikisema hivyo kijiweni kwetu, pale karibu na stendi, kuna jamaa mmoja mbishi anayeniuliza: "Kwa hiyo maskini akae na limiti yake aridhike?" Swali lake silipuuzi. Maana ni kweli kwamba vikomo vingi vinakaa mahali pake kwa mazoea tu. Unix ya toleo la saba, ya mwaka 1979, iliipa kila programu mafaili 20. Linus Torvalds alipotoa Linux yake ya kwanza kabisa mwaka 1991 aliacha hayo hayo 20 kwa programu moja, na 64 kwa mashine nzima. Sitini na nne! Watu wangegandia namba hiyo kwa kuwa ni ya wazee, leo tusingekuwa na kitu. Na 1,024 yenyewe imebaki kwa sababu kuna njia ya zamani ya programu kusubiri mafaili mengi kwa pamoja, na njia hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya hapo. Mwezi Desemba 2018, waliotoa systemd toleo la 240 walipandisha kikomo kigumu mpaka 524,288, lakini kile laini wakakiacha 1,024, wakiogopa kuvunja programu za kale zilizoandikwa kwa njia hiyo. Nawaelewa. Ukiwa na mzee ndani ya nyumba asiyeona vizuri, huhamishi viti usiku. Ila anayehudumia watu elfu kumi kwa wakati mmoja anahitaji milango elfu kumi, na kumwambia aridhike na 1,024 ni kumnyima kazi yake, siyo kumfundisha adabu.

Sisi wa Kyela tunajua pia kwamba mipaka mingine haina haki yoyote ndani yake. Mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi, na mto huo ukifurika masika unahama. Mtu analala Tanzania, shamba lake linaamkia ng'ambo. Na mpaka wa ziwani wenyewe unatokana na maandishi ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, wakiwa mezani kwao Ulaya, hakuna hata mvuvi mmoja wa Matema aliyeulizwa. Mwaka 2012 serikali mbili zikaanza kubishana upya kwa sababu ya habari za mafuta chini ya maji. Wavuvi waliendelea kutupa nyavu usiku, kwa sababu samaki hawana pasipoti. Basi mbishi wangu ana hoja: kikomo kuwepo siyo ushahidi kwamba ni cha haki.

Ila turudi kwenye ile Jumamosi, maana kuna kitu kidogo kilitokea ambacho kimenisumbua kuliko yote. Wachapaji wamekwama, programu imekwama. Mimi nikaketi, nikaingia kwa akaunti ya mzizi. Nikaingia bila taabu! Nilidhani nina bahati. Baadaye nikasoma nikajua siyo bahati. Kerneli imeandikwa hivyo: kikomo cha mashine nzima kikijaa, watu wa kawaida wanakataliwa, lakini mwenye mamlaka ya mzizi anaruhusiwa kupita juu yake. Sababu ni nzuri, mtu lazima awepo wa kuingia azime moto. Lakini fikiria hali ilivyo. Aliyeharibu ni mimi. Aliyefungiwa nje ni dada wa watu mwenye barua mbili. Na mlango ulifunguka kwangu.

Hapo nilikumbuka somo la uraia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwawekea viongozi vikomo: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi. Vikomo vigumu vile, na viliandikwa na haohao watakaofungwa navyo, jambo ambalo si dogo. Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar, ikavilegeza. Mishahara zaidi ya mmoja sawa, nyumba sawa, hisa sawa. Sababu zilitolewa, na nyingine zilikuwa za kweli: nchi ilikuwa hoi, dunia imebadilika, na wengine walikuwa wakifanya hivyohivyo kwa majina ya shemeji zao. Sikuwa nimezaliwa, na sitaki kuwahukumu watu kwa joho la kijana. Ninachosema ni kwamba waliokutana kupandisha kikomo ndio hao kilichokuwa kinawabana, na wenye ufunguo wa mzizi walikuwa wao. Mkulima wa mpunga wa hapa Bondeni hakuwa na kikomo cha kulegezewa. Hakuwa na nyumba ya pili.

Unaona jinsi swali linavyohama? Nilianza kwa kuuliza kikomo kiwe kiasi gani. Sasa naona namba yenyewe siyo kitovu cha jambo. Mtu anaweza kubishana juu ya 1,024 na 65,535 mpaka mwezi uandame, na mafaili bado hayajafungwa.

Bibi yangu, mama mzaa baba, aliwahi kunisimulia jinsi Wanyakyusa wa zamani walivyoishi, na nikaja kuyakuta hayo hayo kwenye kitabu cha Monica Wilson, yule mama aliyekaa huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu juu ya vijiji vya rika mwaka 1951. Kijana akifika miaka kumi au kumi na mmoja alikuwa anatoka kwa baba yake, anakwenda na wenzake wa rika kujenga vibanda pembeni. Walilima mashamba ya baba zao na kula kwa mama zao, lakini kulala ni kwao. Kibanda kikawa nyumba, nyumba zikawa kijiji. Halafu, mara moja katika kizazi, ilikuja siku kubwa, ubusoka, kutoka. Malafyale na wazee wa rika lake wanakabidhi nchi kwa watoto wao. Wazee wanasogea. Ndiyo, wanasogea kwa miguu yao, wanaachia ardhi ili vijana wapate nafasi. Na ilitarajiwa malafyale mzee asikae sana baada ya hapo, atakufa karibuni.

Hilo la mwisho linatisha, nakubali. Lakini ndivyo kerneli nayo inavyofanya: programu ikifa, hata kama ilikuwa mchoyo kiasi gani, kila faili ililoshika linafungwa papo hapo na kurudishwa kwa wote. Kifo ndicho mfungaji wa mwisho asiyesahau. Swali langu ni kwa nini tumsubiri yeye. Desturi ile ilififia ardhi ilipobana na watu wakapanda mimea ya kudumu, maana huwezi kusogea ukauacha mti wako wa kahawa. Simlaumu mwenye kahawa. Ila leo vijana wenzangu wa mjini mnalalamika kwamba kila kiti kina mzee, na mzee naye ana viti vitatu "vikihitajika tena viwe tayari", na jibu tunalopewa kila mwaka ni kwamba viti vitaongezwa. Tunapandisha limiti. Nani anasogea?

Nisijifanye msafi. Riwaya yangu iko kwenye kaunta buku la tatu sasa, nimefika sura ya kumi na moja, na juzi nimehesabu wahusika niliowafungulia mlango nikawaacha wamesimama: kumi na tisa. Yumo askari wa sura ya pili ambaye bado anasubiri chai. Rafiki yangu mmoja aliyesoma akaniambia, "ongeza kurasa." Nikamtazama tu.

Kuna jambo moja jingine kwenye vikomo hivi ambalo nalipenda, ingawa sijui kama nina ubavu nalo. Mtu wa kawaida hawezi kujipandishia kikomo kigumu. Kujipunguzia anaweza. Lakini akishajipunguzia, hawezi kukirudisha tena, labda aje mwenye mzizi. Hairuhusiwi kujuta. Nani aliwaza kitu kama hicho? Inafanana na nadhiri. Nilijaribu usiku mmoja, nikajiwekea mafaili 64, kama Linux ya 1991. Nikafanya kazi yangu yote ya kuchapa ndani ya hayo na hayakuisha. Ni kweli nilikuwa na neno la siri la mzizi mfukoni muda wote, kwa hiyo sijui kama inahesabika.

Programu ya kaka niliitengeneza Jumapili ile. Ilihitaji mistari mitatu tu, kila faili na mstari wake wa kufunga. Ilinichukua dakika ishirini kuziona mahali pake, na ningeweza kuzitafuta mwezi mzima nyuma. Kikomo nikakirudisha 4,096. Kaka akasema vizuri dogo, umekua.

Sasa lile kosa nililolianzia. Siyo la 65,535.

Jumamosi ile, mashine ikiwa imekwama, aliingia bibi mmoja kutoka upande wa Kajunjumele. Alikuwa amepima kakao yake asubuhi, kilo 41, na simu yake haikuleta jibu. Kituoni wakamwambia aende kwa wale vijana wa kompyuta. Alikuja kwa miguu sehemu, na sehemu kwa bodaboda, na nauli ya bodaboda alikuwa ameikopa akitegemea malipo ya siku hiyo. Akasimama mbele yangu na simu yake imefungwa kwenye kitambaa.

"Mjukuu wangu, kilo zangu zimeingia?"

Mimi nikijua kila kitu, nikijua mkono ulioandika 65,535 ni huu, nikamwambia, "Shikamoo bibi. Mtandao unasumbua leo. Wa simu."

Akasema, "Marahaba. Ndaga, mwanangu." Akanishukuru! Akaketi kwenye benchi mpaka saa tisa, kisha akaondoka. Kilo zake zilipatikana kwenye daftari la karani la karatasi, akalipwa baada ya siku nane. Zile siku nane alikula nini na ile nauli aliirudishaje, sikuuliza.

Mwezi uliofuata nikakutana naye sokoni, anauza mawese. Akanifahamu. Akaniuliza kwa huruma kabisa, "Mtandao ulipona?"

Nikasema, "Ulipona, bibi."

Nimekuwa nikijiambia kwamba nitakwenda kumweleza. Nikifikiria nitaanzaje, naona itabidi nimweleze kwanza faili ni nini, na kerneli, na mzizi, na katikati ya maelezo hayo yote nitakuwa nimekwisha kujificha tena. Badala yake nimeandika hapa, ambapo nyinyi mtasoma. Jarida hili halifiki Kajunjumele.